Kabla ya Tokyo, Mbarara

Wapenzi wanafunzi wangu wa Kiswahili, wiki hii sitawafundisha ngeli wala nyakati za vitenzi. Nitawasimulia jinsi darasa letu la jioni, hapa Nakivale, lilivyochagua mahali pa kwenda kutembea, na jinsi mimi mwalimu nilivyokaribia kuliharibu jambo hilo kabla halijaanza.

Yote yalitokana na insha. Niliwapa wanafunzi kichwa kimoja, "Safari ninayoitamani", nikawataka waandike kurasa mbili. Kijana mmoja anayeishi upande wa Juru aliandika kuhusu Japani. Alikuwa amezitazama picha na video za nchi hiyo katika simu ya rafiki yake kwa miezi mingi, na insha yake ilipangika kama ratiba ya msafiri mzoefu. Siku nne angekaa Tokyo, kisha angepanda treni ya kasi hadi Kyoto, halafu angeziacha barabara kubwa na kwenda katika kijiji cha Shirakawa, ambako nyumba za zamani zina mapaa ya nyasi yaliyosimama kwa mwinamo mkali ili theluji iporomoke. Nilimwuliza kwa nini asimalizie siku zake zote mjini. Akanijibu, "Mwalimu, mjini nataka kuona watu wanakimbilia nini. Kijijini nataka kuona walichokataa kukiacha."

Jibu hilo lilinipendeza mno. Nikamwuliza tena, "Na Mbarara je, mwanangu, umefika mara ngapi?"

Akainamisha kichwa. "Nilipita mara moja, usiku, nikiwa mdogo, siku tuliyoletwa hapa. Sikuona kitu."

Mbarara iko kilomita zipatazo 60 kutoka makazi yetu. Kijana huyo ameishi Nakivale miaka tisa. Niliwauliza wenzake, nikagundua kwamba kati ya wanafunzi wangu 13, ni watano tu waliowahi kutembea katika mitaa ya mji huo mchana. Wengine waliujua kwa jina, kama walivyoijua Tokyo.

Kwa wale msiopafahamu hapa, Nakivale ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya kale zaidi barani Afrika. Yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya kwao. Yamo katika Wilaya ya Isingiro, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Mbarara mwaka 2005. Hayana uzio wala lango. Watu wamepewa viwanja, wamejenga, wanalima mahindi na maharage, wanauza na kununua. Katika darasa langu wamo Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na Waethiopia. Wakongo huja wakidhani Kiswahili wanakijua, na Wasomali huja wakidhani hawatakiweza kamwe. Baada ya miezi michache kila upande hugundua kwamba ulikosea.

Basi tukaamua kusafiri. Tulichanga kidogo kidogo kila Ijumaa kwa miezi mitano, hata tukapata fedha za kukodi teksi moja kwa siku moja. Hapa Uganda teksi ndiyo ile ambayo Watanzania huiita daladala, nayo hubeba abiria 14. Wanafunzi 13 na mwalimu mmoja: hesabu ilitimia. Lililobaki lilikuwa kuchagua mahali.

Mapendekezo yalikuwa matatu. La kwanza lilikuwa Mbarara yenyewe, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, yenye masoko, maduka na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilichoanzishwa mwaka 1989. La pili lilikuwa Biharwe, katika barabara iendayo Masaka, penye Kituo cha Utamaduni cha Igongo na makumbusho ya maisha ya watu wa kusini-magharibi mwa Uganda. La tatu lilikuwa Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, wanakoishi pundamilia na swala pala. Mimi, kama mjuavyo walimu, moyo wangu ulikuwa Igongo. Niliwaza kwamba makumbusho yangetupatia msamiati mwingi. Hata hivyo nilijizuia kusema, kwa maana mwalimu akitaja analolitaka, kura hupigwa kabla haijapigwa.

Tukajadili, kisha nikaomba mikono. Jiji lilipata mikono minane. Igongo ilipata miwili, Mburo miwili. Nikatangaza matokeo kwa furaha, nikasema hii ndiyo demokrasia. Ndipo nilipojumlisha tena. Minane, miwili na miwili ni 12. Mkono mmoja haukuinuliwa.

Ulikuwa mkono wa binti mmoja kutoka Rubondo, mwanafunzi msikivu anayekaa karibu na mlango. Darasa lilipotawanyika nilimwita, nikamwuliza kama hakupendezwa na pendekezo lolote.

"Yote yananipendeza, Mwalimu," akasema. "Ila mimi sina kitambulisho. Kilipotea mvua ilipoingia nyumbani, na sijapata kingine. Tukisimamishwa njiani nikaulizwa mimi ni nani, nitasema nini?"

Nilitaka kumjibu kwa maneno mawili tu: safari ijayo. Yalikuwa yamekwisha kufika ulimini. Basi lilikuwa limekwisha patikana, siku imepangwa, na wengi walikuwa wameamua. Nashukuru kwamba niliyameza, kwa kuwa nilipokuwa nikirudi nyumbani nilikumbuka ni mara ngapi mimi mwenyewe nimeambiwa maneno hayo, na kwamba sikumbuki hata safari moja ijayo iliyokuja.

Hapa naomba tusimame kidogo tuseme habari za sheria, maana blogu hii ni ya elimu ya uraia, na uraia haujui wenye pasipoti pekee. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 29, inawahakikishia raia wa Uganda haki ya kwenda popote nchini. Mkimbizi si raia, lakini hakuachwa bila ulinzi. Mkataba wa Kimataifa wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unataja uhuru wake wa kutembea katika ibara ya 26, na Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inautambua uhuru huo, pamoja na mipaka ambayo sheria inaweza kuuwekea. Kwa hiyo binti wa Rubondo alikuwa na haki ya kwenda Mbarara. Alichokosa ni karatasi ya kumthibitishia mtu mwingine kwamba yeye ndiye mwenye haki hiyo. Kuipata upya kulimaanisha kupanga foleni siku nzima, labda siku mbili, naye ni mtu wa kibarua: siku asiyolima hali.

Kosa langu lilikuwa dogo kwa sura na kubwa kwa matokeo. Nilikuwa nimeuliza twende wapi. Sikuuliza nani hataweza kufika.

Ijumaa iliyofuata, kwa idhini yake, nililirudisha jambo lile darasani. Msidhani kila mtu alilia kwa huruma. Mama mmoja wa Kikongo alisema wazi kwamba amechanga miezi mitano kwa kuuza vitumbua, na kwamba fedha zikikaa huliwa. Alikuwa na hoja, nami sikumpinga. Mwingine akashauri tumwachie binti fungu lake la fedha abaki nalo. Binti mwenyewe akasema, "Sikuchangia fedha ili nirudishiwe fedha."

Kimya kikatanda. Aliyekivunja ni yule kijana wa Japani. Alisema kwamba katika insha yake aligawa siku baina ya mji na kijiji kwa sababu mahali pamoja hapatoshi kuijua nchi. Akapendekeza nasi tugawe. Jiji lisubiri hadi kitambulisho kipatikane, na siku ambayo binti atapanga foleni, wenzake wakamlimie. Wakati huohuo twende mahali pasipohitaji nauli wala karatasi: ziwani kwetu. Tukapiga kura tena, safari hii kwa vipande vya karatasi vilivyokunjwa. Pendekezo lilipita kwa kura 11. Sijui mbili zilizopinga zilikuwa za nani, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Jumamosi moja tukaenda kwa miguu hadi ufukoni mwa Ziwa Nakivale. Wengi wetu tulilijua kama mahali pa kuchota maji na kununua samaki. Siku ile tulilitazama kama wageni. Niliwaeleza kwamba Mto Rwizi, unaokatiza katikati ya Mbarara, hulisha mfumo wa maziwa na vinamasi ambao Mburo na Nakivale ni sehemu yake, na kwamba mwaka 2006 ardhi oevu hiyo iliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa yenye umuhimu kwa dunia nzima. Kijana wa Juru akacheka. "Kumbe Mbarara inatufikia kila siku, sisi ndio hatujaifikia!"

Tulimkuta mfugaji mmoja mzee, Mnyankole, akinywesha ng'ombe wake wenye pembe ndefu. Msichana mmoja wa Kinyarwanda aliyekulia hapa alitutafsiria maneno yake. Mzee alituambia kwamba Mburo ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1983 wafugaji waliondolewa, kwa hiyo hata mwenyeji aweza kujua maana ya kuhamishwa. Kisha akatusimulia hadithi ya jina lenyewe. Hapo kale lile bonde lilikuwa kavu, na ndugu wawili waliishi humo, Kigarama na Mburo. Usiku mmoja Kigarama aliota kwamba hatari inakuja. Akamsihi nduguye wahamie vilimani. Mburo akapuuza. Kigarama akapanda, bonde likafurika, Mburo akazama. Ziwa likachukua jina la aliyebaki, vilima vikachukua jina la aliyehama.

Hakuna aliyesema neno kwa muda mrefu. Katika kundi letu kila mmoja alikuwa Kigarama, na karibu kila mmoja alikuwa na Mburo wake. Mama muuza vitumbua akajifunika uso kwa kanga. Sikuuliza maswali ya ufahamu siku hiyo.

Kitambulisho kilipatikana baada ya wiki sita. Wanafunzi wanne walilima shamba alilokuwa na kibarua, naye akapanga foleni. Ndipo tukaenda Mbarara. Tuliiona sanamu ya ng'ombe wa Ankole, tukatembea sokoni, tukanunua ndizi na maziwa. Muuzaji mmoja alishtuka vijana walipomwamkia kwa Kiswahili, kwa sababu Waganda wengi wa umri wake waliizoea lugha hii midomoni mwa askari. Mwanafunzi mmoja wa Kisomali akamweleza kwa adabu, kwa Kiswahili sanifu kabisa, kwamba tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 Kiswahili kimetajwa kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda. Mama yule akamwongezea ndizi mbili.

Njiani hakuna aliyetusimamisha, kwenda wala kurudi. Binti wa Rubondo alikishika kitambulisho chake mkononi safari nzima, hata alipokuwa akila. Tulipofika kwenye daraja la Rwizi aliinama akatazama maji ya rangi ya udongo yakipita chini.

"Haya ndiyo yanayokwenda kwetu?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo.

Kijana wa Juru bado anaitamani Japani. Nimemfundisha kwamba ibara ya 28 ya ule Mkataba wa 1951 inazungumzia hati ya kusafiria kwa wakimbizi, na ameanza kuulizia utaratibu wake. Sikumwambia kwamba ndoto yake ni kubwa mno. Nilimwomba tu aongeze ukurasa mmoja katika insha yake, nanyi nawaomba muuandike katika zenu. Mkichagua pa kwenda, taja mahali, taja sababu, taja gharama. Kisha andika jina la yule ambaye hakuinua mkono, na ueleze ulimwuliza nini.