Diski Ikigonga, Izimeni



Kompyuta ya madrasa yetu hapa Diaca ilianguka, na sasa diski yake inagonga: ta, ta, ta. Ndani mna sauti za darsa za marehemu mwalimu wetu, wala hatujui nakala nyingine. Vijana walitaka kuifungua kwa bisibisi. Nimekataa. Sahani za diski kama hii huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kinachosoma huelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko chembe ya vumbi. Kikigusa sahani, kila mzunguko unakwangua yaliyoandikwa. Kuigandisha kwenye friji (wapo wanaoshauri!) huleta unyevu tu. Tumeizima. Inangoja fundi mwenye chumba kisicho na vumbi, naye yuko mbali na ni ghali. Mwenye darsa hizo kwenye simu yake, tafadhali aje Alhamisi baada ya Alasiri.