Huko Makayabu Inakotoka

Makayabu mnaijua. Katika masoko yetu hakosekani yule mama aliyepanga vipande vyake juu ya gunia, vyeupe kwa chumvi na vikavu kama mbao. Mnajua kuiloweka usiku kucha na kumwaga maji mara mbili, mara tatu, na mnajua ladha yake pamoja na sombe na bukari. Lakini mtu akiuliza samaki huyu alivuliwa wapi, na nani, jibu huwa ni neno moja tu: Ulaya. Ulaya ni kubwa. Tuliyoyaona huko kwenyewe tunataka kuwasimulia.

Mwezi wa Julai mwaka 2019, sisi wawili, bwana na bibi, tulialikwa Norway na kaka mkubwa wa mama wa watoto, ambaye nyumbani sote twamwita yaya. Yaya alizaliwa kando ya Ziwa Tanganyika, kusini ya Baraka. Vita ya mwaka 1996 ilimvusha ziwa mpaka kambi ya Nyarugusu katika Tanzania. Akakaa kambini miaka mingi, halafu akapokelewa Norway pamoja na watoto wake. Habari za karatasi za safari tunaziacha: aliyepata kuomba viza anazijua, na asiyepata hazitamfaa kitu.

Mji anaokaa unaitwa Kristiansund. Umejengwa juu ya visiwa, na kati yake bandari, hata mtu akitaka kwenda upande wa pili hupanda mashua ndogo ya kuvusha watu kama sisi tunavyopanda basi. Nyumba ni za mbao, nyekundu na njano na nyeupe, zimeshika miamba kama mbuzi. Wakati ule jua lilichwa saa tano ya usiku, wala giza halikuja kamili. Mama wa watoto alishindwa kulala, akasema nchi isiyojua kuzima taa yake yachosha.

Yaya anafanya kazi katika kiwanda cha samaki. Alitueleza kazi nzima akiwa mezani, kwa kisu na samaki mmoja. Samaki hukatwa kichwa, hupasuliwa, hutolewa mfupa mkubwa wa mgongo, kisha hulazwa katika chumvi majuma kadhaa mpaka maji yake yatoke. Baadaye hukaushwa. Siku hizi hukaushwa ndani ya vyumba vyenye feni kubwa, lakini zamani alikaushwa juu ya miamba wazi kando ya bahari, na ndiyo maana kwa lugha yao anaitwa klippfisk, yaani samaki wa miamba. Kazi hiyo ya mwambani ilikuwa ya wanawake hasa. Asubuhi waliwatandaza samaki, jioni waliwakusanya, na wingu la mvua likitokea waliacha yote na kukimbia kuwafunika. Bandarini kuna sanamu ya mama mmoja wa kazi hiyo. Tulipenda kuona mji ambao haukumweka jemadari tu juu ya jiwe.

Mholanzi aitwaye Jappe Ippes ndiye aliyeanzisha biashara hiyo mjini katika miaka ya 1690. Tangu hapo samaki huyo amekwenda Hispania, Ureno na Brazili. Wale wa bei kubwa ni aina ya chewa wa baridi. Makayabu yetu mara nyingi ni ya samaki mwingine, ndugu yake wa bei ndogo, ambaye wao humwita sei. Yaya hucheka akisema kwamba alivuka dunia nzima kuja kufunga mizigo iendayo nyumbani.

Siku ya tatu alitupeleka kwenye kisiwa cha Grip. Ni mwendo wa kilometa 14 hivi kutoka mjini, baharini kabisa, na mashua ya wageni huenda huko wakati wa kiangazi. Upepo ulikuwa mdogo, hata hivyo mawimbi yalitutikisa vya kutosha. Mbali tuliona kwanza mnara wa taa, umesimama peke yake juu ya mwamba, halafu paa za nyumba, kana kwamba zinaelea. Grip hauna mlima, hauna mti, hauna shamba. Ni visiwa vidogo na miamba mingi pamoja, na juu ya kimoja nyumba zimebanana bega kwa bega kuzunguka kanisa.

Kanisa hilo ni la mbao, dogo, limejengwa karibu mwaka 1470, wakati nchi ile ilipokuwa bado ya Kikatoliki. Leo ni la Waluteri. Limewekwa mahali palipo juu kuliko pote kisiwani, na hapo napo si zaidi ya mita 8 hivi kutoka maji. Bahari ilipochafuka watu walikimbilia humo. Mwaka 1796 dhoruba ilizoa nyumba zipata mia, na kanisa likabaki. Juu ya altare kuna kabati la sanamu lenye milango miwili, kazi ya mafundi wa Nchi za Chini, mwanzoni mwa karne ya 16. Katikati ni Bikira Maria, pembeni Mtakatifu Olav na Mtakatifu Margarita. Watu husimulia kwamba lilitolewa na Isabella, binti wa kifalme aliyezaliwa Brussels, alipopita katika pwani hiyo mwaka 1515 akienda kuolewa na mfalme wa Denmark. Kwa vyovyote, wenyeji hawakulitupa dini ilipogeuzwa. Mama wa watoto alipiga ishara ya msalaba, na yule binti aliyewaongoza wageni akangoja kwa adabu mpaka tumalize.

Nje ya kanisa ndipo tulipoanza kusikia ukimya. Nyumba zilikuwa zimepakwa rangi vizuri, mapazia safi madirishani, maua mlangoni. Watoto hawakuwapo. Kuku hawakuwapo. Wavu haukuonekana popote. Wageni wenzetu walifurahi sana, wakakaa juu ya mawe wamefumba macho, na mmoja akatuambia kwa Kifaransa kwamba amelipa fedha nyingi kupata utulivu huo. Hatumlaumu, maana atokaye katika mji wa magari ana haki ya kupumzika. Lakini mama wa watoto alimgeukia kaka yake, akamwuliza polepole, kama mtu aulizavyo habari za matanga:

– Yaya, watu wa hapa nani aliwafukuza?

Kwetu swali hilo lina maana. Kijiji chenye nyumba nzima bila watu tumekwisha kukiona, na kila mara palikuwa na bunduki.

Gatini alikuwapo mzee mmoja akitengeneza dirisha la nyumba ya wazazi wake, ambayo yeye na wajukuu huitumia wakati wa kiangazi. Yaya akampelekea swali kwa Kinorway. Mzee akaweka chini nyundo yake, akafikiri.

– Hakuna aliyetufukuza. Tuliondoka mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa na sababu njema.

Akazihesabu sababu hizo. Zamani mvuvi mwenye makasia alipaswa kulala karibu na samaki, na ndiyo maana watu walikubali kukaa juu ya mwamba. Ikaja mota, akaweza kulala mjini na kufika baharini alfajiri. Watoto wakahitaji shule kubwa, wagonjwa wakahitaji hospitali. Katika miaka hiyo serikali nayo ilisaidia kwa fedha familia za visiwa vya mbali zilizotaka kuhama. Grip ulikuwa manispaa kamili, ndogo kuliko zote za nchi. Mwaka 1964 uliunganishwa na mji, ukiwa na watu 104. Mwaka 1974 wa mwisho wakafunga mlango.

– Wageni hunisifia kimya cha hapa, mzee akasema. Nilipokuwa mtoto, hapa palikuwa na kelele usiku na mchana. Mama yangu alipiga kelele kuliko shakwe.

Sisi hatupendi kuhukumu mambo ya watu. Watu wale hawana njaa, na mtoto wa kisiwa ambaye leo ni mganga mjini hakukosea kitu. Tena katika kiwanda cha yaya kazi ya samaki hufanywa na watu wengi waliotoka mbali, na yaya ni mmoja wao: mtoto wa wavuvi aliyefukuzwa ziwani ameshika kisu kilichoachwa na watoto wa wavuvi ambao hawakufukuzwa na mtu. Lakini hatukuweza kufumba macho juu ya lile jiwe na kuuita ule kimya amani.

Njiani kurudi, yaya hakusema kitu mpaka karibu na bandari. Hapo akatuomba tufike kwao, tuangalie kiwanja cha baba. Watoto wake hawajui kupiga kasia, na Kiswahili wanakisikia tu, hawakijibu.

Tulifika mwezi wa Septemba mwaka huo huo. Mwembe upo, mawe ya msingi yapo. Binamu yake anaanika ndakala mchangani mbele ya kiwanja. Chifu alisema mahali pale bado ni pa mzee wao, ila watu wanapaomba, naye hawezi kungoja siku zote bila kuona mtu wa ukoo. Tukayaandika yote, tukayatuma.

Yaya alipotupigia simu hakuanza na kiwanja. Aliuliza kama jioni watoto bado wanaoga pale mitumbwi inapofungwa. Tukamjibu kwamba wanaoga, tena wanapiga kelele hata mtu hasikii anayemwita. Ila wale wa sekondari wote wamekwenda Uvira.