Shimo la katikati
Niliacha chuo mwaka wa pili, karo iliponishinda. Kitu kimoja cha fizikia bado kinaninyima usingizi.

Katikati ya galaksi yetu kuna shimo jeusi lenye uzito wa jua kama milioni 4. Kubwa, lakini kwa nyota nyingi mvuto wake ni kama haupo. Ziko mbali mno. Ajabu ni kwamba mwaka 2000 wanaastronomia walionyesha kuwa ukipima kasi ya nyota hizohizo za sehemu ya kati ya galaksi, unakadiria uzito wa shimo lake. Pengine shimo likimeza gesi, nguvu inayotoka hupeperusha gesi nyingine, nyota mpya zikakosa cha kuziumba.

Hapo ndipo huwaza kwetu. Baba alituacha nikiwa na miaka 6. Sura yake siikumbuki. Lakini geti likigongwa usiku, mamangu bado huzima redio kwanza.