Jozani Wakati wa Kiangazi na Masika

Mama mwenzangu, kuna mahali ambapo mtu akipaona mara moja tu hudanganyika. Mimi nilidanganyika Jozani.

Mara ya kwanza tulikwenda mwezi Januari, mimi na baba watoto. Tulikuwa tumetimiza miaka 20 ya ndoa, naye alikuwa amedunduliza fedha ili tuvuke bahari kutoka Dar es Salaam. Jumapili tulisali katika kanisa la Mkunazini, Mji Mkongwe, lililoanza kujengwa mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa. Kesho yake tulipanda daladala ya Makunduchi, tukashuka kwenye lango la msitu, kilometa zipatazo 35 kutoka mjini.

Tulikuwa tumeambiwa kwamba huu ni msitu wa maji. Maji hatukuyaona. Tulikanyaga majani makavu, na joto la kaskazi lilikuwa kali. Hata kima punju, ambao asili yao ni kisiwa hiki tu, walikuwa wamejilaza kivulini. Nikamwambia mume wangu, "Tumepoteza nauli." Hakunijibu. Tulirudi mjini kimya.

Mwaka uliofuata, mwezi Mei, nilirudi Unguja kwa semina ya akina mama. Masika yalikuwa yamekolea. Siku ya mwisho tulipata nafasi, nikaenda Jozani na wenzangu wawili.

Njia ile ile niliyoidharau ilikuwa imefunikwa na maji yenye rangi kama ya chai, yakitufika juu ya vifundo vya miguu. Mitondoo mikubwa ilisimama ndani ya maji. Vyura walilia kila upande. Juu yetu kima punju walikuwa wakila majani machanga, nywele zao nyeupe za kichwani zimelowa. Sensa iliyotangazwa mwaka 2017 ilikadiria kuwa wapo zaidi ya 5,800.

Mwongozaji alitueleza kwamba msitu uko bondeni, umezungukwa na ardhi ya mawe ya matumbawe. Maji ya ardhini yako karibu sana, na mvua zikizidi hupanda mpaka juu. "Hata kiangazi maji yapo, mama," alisema. "Yako chini tu. Miti inayafikia."

Neno lile lilinichoma. Mwaka ule tulipokwenda mara ya kwanza, mume wangu alikuwa amepunguzwa kazini, na maneno yake yalikuwa machache. Nami nilimpima kama nilivyoupima msitu, kwa msimu mmoja. Nilisahau kwamba nauli ile aliidunduliza kipindi hicho hicho cha ukame.

Jioni nilimpigia simu nikamwomba radhi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Maji yalikuwa mengi?"

Ukipata nafasi, nenda. Tangu mwaka 2004 msitu huu ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Wakati wa masika chukua mabuti ya mpira na mwavuli. Usiwape kima chakula. Usikose pia mikoko ya Pete, ambako utapita juu ya njia ya mbao: maji yakitoka utaona tope na kaa, yakijaa utaona samaki wadogo wanaokulia pale.

Na kama nyumbani kwako ni kiangazi sasa, usiharakishe kusema umepoteza nauli.