Mpwa Wangu, Usifungue Hedi Bado

Upper Hill, Nairobi

Mpwa wangu mpendwa,

Sauti ya mashine ya boti uliyonitumia kwa simu nimeisikiliza, kisha nikairudia usiku magari ya Ngong Road yalipopungua. Unasema fundi wa hapo Mokowe amekwambia ununue hedi nzima, nami niitafute huku Kirinyaga Road. Kutafuta si kazi. Lakini huyo fundi hajapima kitu, na hedi mpya juu ya ugonjwa usiojulikana itaharibika kama ya kwanza.

Mlio wenyewe ni wa tapeti, hilo sina shaka nalo. Kemshafti huzunguka mara moja krenki ikizunguka mara mbili, kwa hiyo mlio wa tapeti huwa mwepesi na huja nusu ya mwendo wa krenki. Beringi ikigonga, hugonga kwa uzito, kutoka chini, na huzidi ukitia mzigo. Wako hauzidi.

Wewe umetishwa na silinda inayolia. Mimi natishwa na ile nyingine iliyonyamaza, kwa kuwa umeniambia boti inawaka kwa taabu alfajiri na kutoa moshi mweupe. Mlio maana yake nafasi kati ya roka na valvu imepanuka, na nafasi pana haiui mashine upesi. Hatari ni nafasi iliyokwisha. Valvu ikididimia katika kiti chake, mti wake hupanda, nafasi huisha, nayo haifungi tena barabara. Valvu ya moshi hupoa kwa kugusana na kiti. Isipogusa, ukingo wake huungua. Yote hayo hutokea kimya kimya.

Basi pima. Mashine yako ni Yanmar 2GM20: nafasi ni milimita 0.2 kwa valvu zote, mashine ikiwa baridi kabisa. Zungusha krenki kwa spana. Ukiona roka mbili za silinda moja zinapishana, moja ikimaliza kufunga na nyingine ikianza kufungua, zungusha krenki duara moja kamili. Hapo pistoni iko juu na valvu zote mbili zimefungwa. Pitisha fila geji. Andika kipimo kabla hujagusa nati yoyote. Nilipokuwa Karakana ya Reli hatukuruhusiwa kufungua hedi daftari likiwa tupu, na sheria hiyo naipenda hadi leo.

Tazama pia ncha ya roka. Ikiwa imechimbika, fila hupita juu ya shimo kama daraja na kukudanganya. Pushrodi izungushe juu ya kioo, iliyopinda itaruka-ruka. Ukishaweka nafasi sawa nayo ikapanuka tena baada ya safari chache, na nati ya kufungia ilikazwa vizuri, basi kemshafti au tapeti imelika, na hedi mpya haitakusaidia.

Kabla ya kutoa hedi kuna jaribio moja la mwisho. Toa injekta, pistoni ikiwa juu na valvu zimefungwa, kisha tia upepo wa kompresa kupitia tundu lake. Ishike krenki kwa spana ndefu, mkono mbali na kapi, maana upepo unaweza kuizungusha ghafla. Sikiliza: upepo ukitokea njia ya hewa, valvu ya kuingiza inavuja, ukitokea bomba la moshi, ni ya moshi, ukitokea tundu la oili, ni ringi za pistoni.

Sasa chanzo. Chini ya maghorofa haya ya huku Upper Hill yaliyomeza nyumba za zamani za Reli kuna majenereta ya dizeli, na valvu zake ni ndugu wa zako. Tofauti ni kwamba moshi wake hutoka mkavu. Wako huchanganywa na maji ya bahari kwenye elbo. Elbo ikila kutu, au bomba likinyonya maji boti ikiwa imetulia, chumvi hurudi hadi kwenye valvu ya moshi, mti ukashika kutu na kukwama. Hata kupiga stata mara nyingi bila mashine kuwaka hujaza maji kwenye sailensa hadi yarudi kwenye silinda. Siku ya namna hiyo funga koki ya maji ya bahari, uifungue mara tu mashine inapowaka. Toa elbo uitazame ndani hata kama valvu zitaonekana salama.

Ikiwa ni lazima kutoa hedi, valvu isage kwa pesti mpaka pete ya kijivu izunguke bila kukatika, kisha geuza hedi na umimine mafuta ya taa katika matundu. Yakidondoka upande wa pili, rudia. Kiti kilichodidimia sana mpelekee fundi wa mashine za kuchonga, usikisage mwenyewe. Gasketi ya zamani itupe.

Nitumie vipimo vya valvu zote nne, ya kuingiza na ya moshi kila moja peke yake, pamoja na picha ya ndani ya elbo. Kabla ya hapo sitatuma hela ya hedi.

Wasalaam,
Mjomba wako