Wimbo wa polepole ulitupatisha haya

Wengi wanafikiri ya kama wimbo wa mbio ndio mgumu, na ule wa polepole ni wa kupumzika. Sisi wa korali tulifikiri vile vile, mpaka siku ya kumzika mama ya mwenzetu mmoja.

Siku ile tulianza vizuri. Lakini kwa mstari wa pili, sauti ya kwanza ilitangulia, sauti ya nne ikabaki nyuma, na mpiga ngoma hakujua amfuate nani. Neno la mwisho likatoka mara tatu. Mwenzetu, pale karibu na kaburi, alituangalia tu. Afazali angetugombeza.

Kwa mazoezi tuliuliza: kosa ilitoka wapi? Mwalimu alishika saa yake ya mkono, akatupa mapigo manne, kisha tuendelee kupiga makofi peke yetu. Kwa 120 kwa dakika, ni kusema pigo moja kwa nusu sekunde, tulipiga pamoja: pa! Kwa 40, ni kusema pigo moja kwa sekunde moja na nusu, makofi ikaanguka ovyo kama mvua ya kwanza juu ya mabati. Ndipo tulifahamu: kati ya pigo na pigo nafasi ni kubwa, na ndani yake kila mtu anakisia kivyake. Mwenye woga anakimbia. Anayependa sauti yake mwenyewe anachelewa.

Dawa yake ni kugawanya. Mdomo unashika sauti ndefu, lakini ndani ya moyo tunahesabu vipande vidogo: moja-na, mbili-na, tatu-na. Wapiga rumba wanajua hiyo tangu zamani: gitare inalia polepole, lakini marakasi chini yake haiachi kusaga mapigo madogo. Tena tunavuta pumzi pamoja, na tunapunguza sauti mpaka kila mtu asikie jirani yake.

Siku ya kumaliza matanga tuliimba wimbo ule ule. Hatukuongeza mbio. Neno la mwisho likafika mara moja, tukanyamaza pamoja. Mwenzetu akaja kati yetu, akasimama mahali pake kwa sauti ya tatu, akasema: «Muanze tena, niimbe na miye.»

Basi, wanaosema mazoezi yetu ni kupoteza saa, waje wapige makofi 40 kwa dakika mbele yetu. Tutawangojea.