Maji Hayapigi Hodi, Jirani Ndiye Anayepiga

Leo tuweke pembeni kidogo mambo ya nani kaachana na nani, tuongee kuhusu maji.

Mwenzenu ni mtu wa Chilangala, Newala. Anayeijua Kusini anajua kwamba kule juu kwenye uwanda wa Makonde mto ni wa kuhadithiwa tu. Mvua inanyesha msimu mmoja, ardhi inaimeza, maji yanakwenda kutokea mabondeni huko chini. Tumekua tunaona mama zetu wanashuka mteremko alfajiri na kupanda na ndoo kichwani. Ndiyo maana tangu miaka ya 1950 ukawepo mradi wa kuyasukuma maji kutoka bondeni kuyapandisha juu. Kwetu maji ni ya kutafutwa.

Sasa riziki ikanileta Dar, nikapanga chumba Kigogo, bonde la Msimbazi. Msiniulize kwa nini bondeni. Kodi ni ndogo na Kariakoo naenda kwa miguu, basi. Wengi tuliotoka Kusini kuja kuuza vitu mkononi tumeanzia sehemu kama hizo. Mama aliposikia kwenye redio habari za mafuriko akanipigia: "Mwanangu, sisi huku dumu la maji tunanunua, nyie mnayakimbia?" Nikacheka. Lakini kwa kweli si jambo la kuchekesha.

Wenyeji wa bonde wanaikumbuka Desemba 2011. Mvua ile ilisemwa kuwa kubwa kuliko zote Dar tangu 1954. Watu zaidi ya 40 walifariki, na waliopoteza nyumba wengine wakapelekwa Mabwepande kuanza upya. Toka hapo kila masika ni roho juu. Jangwani inafungwa, mabasi ya mwendokasi hayapiti, watu wanapiga picha, maji yakipungua tunasahau.

Mwaka 2023 TMA walipotangaza El Niño, vuli ilikuja na nguvu zake. Mtaa wetu maji yaliingia mpaka kwenye vizingiti yakarudi. Ilikuwa kama mtu aliyekuja kuchungulia tu. Januari 2024, mjumbe wetu (mama mmoja mtu mzima, jina lake ni lake, hapa tumwite Mama Mjumbe) akaita kikao chini ya mwembe. Akasema maneno machache: "Masika ni Machi. Tukisubiri maji ndiyo tuanze kubeba vitanda, tutabeba na maiti."

Kazi ikaanza, na hapa ndipo mambo yalipo, maana watu wanadhani kujiandaa na mafuriko ni viroba vya mchanga. Viroba ni kazi ya nusu siku. Kazi ngumu ni binadamu.

Wa kwanza alikuwa baba mwenye duka. Alikuwa amejenga ngazi ya zege juu ya mtaro ili wateja wake wapite vizuri, na takataka zote za juu zilikuwa zinaishia hapo. Vijana walikuja na nyundo wakitaka kuvunja siku hiyohiyo. Yeye akatoka na panga. Jamani, tulikuwa tunaelekea pabaya. Aliyeokoa jahazi ni mama ntilie wa jirani, anayemkopesha chai na chapati kila asubuhi. Alimwambia kwa sauti ya chini, "Kaka yangu, duka lako likizama deni langu nitamdai nani?" Watu wakacheka, panga likashuka. Ngazi ikavunjwa, likawekwa daraja la mbao la kunyanyuka. Mtaro tukauzibua kwa koleo na reki kila Jumamosi. Tulitoa matairi, magodoro, hata kiti cha saluni.

La pili ni vyoo. Mnajua wenyewe, mvua ikinyesha wapo wanaotapisha vyoo ili mto ubebe. Mto haubebi, unamgawia jirani, na kipindupindu kinafuata. Tukakubaliana wenye nyumba wachangie gari la maji taka kabla ya Machi. Wawili waligoma, wapangaji wao wakatishia kuhama kwa pamoja, wakalipa.

La tatu ndilo lililonigusa mimi. Kwetu Chilangala maji yakiadimika, watu wanajua nyumba ipi ina mzazi mwenye mtoto mchanga na ipi ina mzee wa peke yake. Hao wanatekewa kwanza. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Bondeni nikagundua watu wanaishi ukuta kwa ukuta na hawajui chumba cha pili kalala nani. Nikamwomba Mama Mjumbe daftari, tukapita mlango kwa mlango mimi na dada mmoja wa saluni. Tuliandika watu wangapi wamo, nani hatembei, nani mjamzito, nani anafanya kazi usiku na kuacha watoto. Mbele ya kila asiyejiweza tukaandika majina ya majirani wawili wa kumtoa. Si mmoja, wawili, maana mmoja anaweza kuwa kasafiri.

Kwenye chumba cha uani tulimkuta mzee aliyepooza upande mmoja. Binti yake anafanya kazi baa, anarudi alfajiri, na usiku anamfungia kwa nje kuogopa vibaka. Sikulala siku hiyo. Tukamwomba binti funguo ya pili, akakataa. Hakuwa na roho mbaya, aliwahi kuibiwa. Mwisho aliikabidhi kwa Mama Mjumbe baada ya kuapishwa kama mahakamani.

Tulihitaji pia kujua maji yanakuja lini. Msimbazi unaanzia milima ya Pugu huko Kisarawe, kwa hiyo Kigogo jua linaweza kuwaka na mto ukashuka umejaa. Kijana wa bodaboda anayepaki Gongo la Mboto akawa ndiye rada yetu, akiona mto umebadilika rangi na sauti, anapiga simu. Na jirani mmoja anayeuza samaki Feri akatufundisha jambo ambalo mtu wa bara kama mimi nisingelijua: mto unaingia baharini pale Salenda, sasa mvua kubwa ikikutana na bamvua, bahari imejaa, maji hayana pa kwenda, yanarudi kwetu. Basi kwenye kalenda ya ukutani kwa Mama Mjumbe tukazungushia siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Siku hizo hata simu ya TMA ya kwanza tu, angalizo, tunalala macho.

Ishara ilikuwa filimbi: mara moja pandisha vitu, mara tatu toka. Pa kwenda ni kwenye shule iliyo juu barabarani. Kila nyumba ikatakiwa iwe na ndoo ya rangi yenye mfuniko, humo ndani vyeti vya watoto, vitambulisho, dawa na kadi za kliniki. Unatoka na ndoo na watoto, na njiani unazima umeme kwenye meini swichi. Friji achana nalo.

Maji yalikuja Aprili, usiku. Simu ya Gongo la Mboto ilitangulia, filimbi ikafuata, mara tatu. Sitaki kuwapamba watu, kulikuwa na kupiga kelele, kulikuwa na mwanaume aliyerudi kuchukua televisheni akatolewa na kamba. Lakini yule mzee wa uani walimtoa majirani wake wawili walioandikwa, kijana mmoja na mama ntilie, wakamlaza juu ya mlango uliong'olewa na kumbeba kama jeneza huku akiwatukana wamempindisha shingo. Binti yake aliporudi alfajiri alikuta chumba kimejaa maji usawa wa dirisha. Alikaa chini kwenye tope akalia mpaka mtu akamwambia baba yako yuko shuleni anadai chai.

Mtaa wetu hakufa mtu. Vitu vilikwenda, tena vingi. Mama ntilie alipoteza jokofu na mtaji wote, tukamchangia. Lakini mwezi huohuo Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba mvua za El Niño zimeua watu 155 nchi nzima na kugusa watu zaidi ya 200,000. Nikisikia namba hizo nawaza: wangapi walikuwa wamefungiwa kwa nje na hakuna jirani aliyejua?

Najua mtasema dawa ni kuhama bondeni. Sawa, na mradi wa kuliendeleza bonde la Msimbazi umeshaanza, wenye nyumba wengi wamelipwa wameondoka. Lakini mwenye nyumba ana kitu cha kuthaminiwa, mpangaji ana godoro na ndoo yake. Atahamia bonde lingine lenye kodi ndogo, na huko nako masika itamfuata. Kwa hiyo popote anapohamia aende na daftari.

Mama yangu nilimweleza yote kwa simu. Akanyamaza, halafu akauliza, "Huyo mzee sasa hivi funguo yake iko kwa nani?" Nikamwambia iko kwa Mama Mjumbe, na nakala ya tatu iko kwangu. Akasema haya, lala.

Nanyi mnaoishi mabondeni, iwe Tandale, Vingunguti au kokote: chumba cha pili kutoka kwako kalala nani leo? Kama hujui, nenda kabisha hodi jua likiwa bado linawaka.